Kondoo Hakufa, Lakini Tazameni Shahamu Yake

Kwa ninyi mliokabidhiwa kusajili na kukagua viuatilifu na dawa za mifugo, mlioko Ngaramtoni na mlioko Dodoma. Na kwa maafisa mifugo wenzangu mliobaki kazini.



Mwaka wangu wa mwisho kazini niliitwa kwenye boma moja la huku Kiteto kuona kondoo waliokuwa wanatetemeka. Nilikuta wanane wamelala ubavu, mate yanawachuruzika, mboni za macho zimesinyaa kama tundu la sindano, miguu ya nyuma haina nguvu. Mzee mwenye boma hakunificha kitu. Josho la kijiji lilikuwa halina maji tangu masika yaliyopita, kupe wamejaa masikioni mwa mifugo, naye akaenda kwenye duka la pembejeo mnadani akauziwa dawa ya nyanya. Alielekezwa atie kofia mbili kwa bomba moja. Akapuliza jioni, kulipokucha hali ikawa ndiyo ile. Chupa yenyewe ilikuwa bado ipo, imetupwa kwenye miiba ya zizi. Klorpirifosi. Maelezo yote kwa Kiingereza.

Nikachoma atropini. Saba wakainuka siku ile ile. Wa nane alikuwa dume mwenye mkia mzito, mkia wa mafuta kama wanavyokuwa nao kondoo wa Kimasai, na yeye hakuonyesha dalili ya kufika jioni. Mzee akamchinja. Niliomba nyama ifukiwe, akakubali kwa shida, maana kuzika nyama ni jambo zito kwa mfugaji. Wiki iliyofuata nilipopita kuwatazama wale saba, nikaona kibuyu kimetundikwa ndani ya nyumba. Ulikuwa mkia. Ulikatwa, ukayeyushwa kwenye sufuria, na mafuta yakawekwa kumsubiri mkaza mwana wa mzee, aliyekuwa mjamzito wa miezi minane.

"Nyama tulizika kama ulivyosema, bwana mifugo," mzee aliniambia. "Lakini mafuta ni dawa."

Tulikaa kitako hadi jua linazama nikimweleza, na mwishowe kibuyu kile kikamwagwa shimoni. Yule mkaza mwana alisimama mlangoni muda wote akisikiliza, mkono tumboni. Nilipoandika taarifa ya mwezi niliandika: waliotibiwa saba, aliyekufa mmoja. Mkia haukuwa na mahali pa kuandikwa. Fomu haikuwa na safu ya mafuta.

Ndiyo sababu nawaandikia. Sisi wa mashambani tumezoea kuuliza swali moja kuhusu sumu: amekufa au hakufa? Kama hakufa, tunasema amepona, tunafunga daftari. Nami niliuliza swali hilo hilo kwa miaka yangu yote ya kazi. Leo nasema kwa masikitiko kwamba lilikuwa swali pungufu, na nawaomba ninyi mliokabidhiwa muhuri mlipanue.

Barua hii ni ya wazi, itasomwa na wafugaji pia, kwa hiyo mnivumilie nikieleza mambo mnayoyajua.

Tunaichukulia shahamu kama ghala tu. Mnyama akishiba anaweka, akishikwa na njaa anatoa. Ghala ni kweli, lakini ghala hili linaishi. Seli zake hupokea amri kutoka kwenye damu na kutoa amri zake zenyewe. Homoni iitwayo leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba inatosha, hutengenezwa humo humo kwenye shahamu. Iligunduliwa mwaka 1994, wakati mimi nimeshakuwa mtu mzima kazini. Na si mafuta yote yanayofanana. Yapo meupe, ya akiba. Yapo ya kahawia, ambayo kazi yake si kutunzwa bali kuunguzwa yatoe joto. Mwanakondoo anapotoka tumboni usiku wa manane, amelowa, upepo wa mbuga unampiga, kinachomwokoa kabla hajalifikia titi ni mafuta hayo ya kahawia yaliyozunguka figo zake. Ukimchinja wa siku moja utayaona: rangi yake ni nyeusinyeusi kidogo, si meupe kama ya mama yake.

Sasa tazameni sumu inafanya nini humo ndani.

Kundi la oganofosfeti, klorpirifosi ikiwemo, huua kupe kwa kukikaba kimeng'enya kinachosafisha asetilikolini kwenye neva. Neva ikishaamrishwa haipati nafasi ya kutulia, mdudu anatetemeka hadi anakufa, na kondoo vilevile. Hilo kila mwanafunzi wa mifugo analijua. Lakini kimeng'enya kile kina ndugu zake. Mwilini mna ukoo mkubwa wa vimeng'enya vyenye mdomo wa aina moja, unaofanya kazi kwa asidi amino iitwayo serini, na katika ukoo huo wamo wale wanaokata mafuta, yaani lipasi. Sumu iliyoumbwa kuukaba mdomo wa mmoja huweza kuikaba na midomo ya ndugu zake. Panya wa maabara waliopewa baadhi ya sumu hizi walionekana damu yao ikijaa mafuta. Ni jambo la kutarajiwa: ukimfunga mikono mkata kuni, magogo hurundikana.

Mwaka 2021 kikundi cha Profesa Gregory Steinberg wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, kilichapisha utafiti ambao nimeusoma mara tatu, mara ya tatu kwa kalamu mkononi. Walichukua seli za mafuta ya kahawia wakazijaribia viuatilifu na viuagugu 34 vinavyotumika sana. Klorpirifosi ndiyo iliyozizimisha kuliko vyote. Ilipunguza ile protini inayowezesha mafuta kuungua yakatoa joto. Wakaenda kwa panya wazima, wakawalisha chakula chenye mafuta mengi pamoja na dozi ndogo ya sumu, isiyomtetemesha mnyama wala kumtoa mate. Panya wale hawakula zaidi ya wenzao. Hawakupunguza mwendo. Ila walinenepa, ini likajaa mafuta, na insulini ikashindwa kufanya kazi yake sawasawa. Kilichobadilika ni moto wa ndani. Mwili ulikuwa unaunguza kidogo kuliko unavyostahili.

Kuna jambo katika utafiti ule ambalo nataka mlikazie macho. Matokeo hayo yalionekana kwa panya waliowekwa kwenye joto linalomtosha panya, karibu nyuzi 30. Waliokaa kwenye chumba cha kawaida cha maabara, ambacho kwa panya ni baridi, hawakunenepa hivyo. Maana yake ni kwamba maabara yenye baridi inaweza kumpima mnyama miezi mizima, ikaandika "hakuna tatizo", na ikawa haijadanganya. Mkipokea jalada la usajili lenye majaribio ya panya, ulizeni panya hao walikuwa kwenye nyuzi ngapi. Swali hilo halina gharama.

Najua panya si kondoo. Najua pia kwamba mtu si panya. Sisemi kwamba kitambi cha mjini kimeletwa na dawa ya nyanya. Soda, chipsi na kukaa kutwa vina hesabu yao kubwa. Ninachosema ni kwamba kiungo kile kile kinachomwokoa mwanakondoo usiku wa baridi ndicho kiungo ambacho sumu hii imeonyeshwa kukizima kwa panya, na sumu hiyo tunawapulizia mama zao wakiwa na mimba. Huku kwetu mwanakondoo akikutwa amekufa alfajiri tunasema baridi. Mimi mwenyewe nimeandika "baridi" kwenye daftari mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Pimeni mafuta ya figo ya wanakondoo hao. Chuo Kikuu cha Sokoine kina maabara na kina vijana wanaotafuta mada za shahada.

Nikiwa kwenye ghala hilo la shahamu, niseme na habari ya kutoa, maana hapo pana hatari ya namna nyingine.

Sumu nyingi hupenda mafuta kuliko maji. Ikiingia mwilini hukimbilia shahamu, na mnyama huonekana mzima kwa sababu sumu imejificha mbali na ubongo wake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976, watafiti wa Marekani walichukua popo wachanga kutoka Carlsbad Caverns, New Mexico, waliokuwa na mabaki ya DDT kwenye mafuta yao. Popo walikuwa wazima. Wakafanyizwa mazoezi ya kuwachosha kana kwamba wako safarini kuhama, mafuta yakaungua, na sumu ikaachiwa. Ikapanda hadi ubongoni. Wakaanza kutetemeka, wakafa. Hawakuguswa na tone jipya la sumu. Walichokuwa nacho kilitoka kwenye akiba yao wenyewe.

Nilipoisoma habari ile niliwaza Septemba na Oktoba za Kiteto. Ng'ombe aliyenona mwezi Mei, nundu imesimama, mwezi Oktoba nundu imelala upande kama mfuko mtupu. Ile nundu imekwenda wapi? Imeyeyuka, imeingia kwenye damu, na kama ana ndama imeingia kwenye maziwa. Chochote kilichokuwa kimehifadhiwa humo kimetoka nayo. Na maziwa hayo ndiyo wanayokunywa watoto wa maboma.

Historia yetu ya majosho inafanya jambo hili lisiwe la kubahatisha. Kabla ya dawa za sasa majosho ya Afrika Mashariki yalitumia aseniki, kisha kwa miongo kadhaa yakatumia toksafini na lindani. Toksafini imo kwenye orodha ya kwanza ya sumu 12 zilizopigwa marufuku au kuwekewa mipaka na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Zote mbili, toksafini na lindani, hukaa kwenye shahamu na kwenye udongo. Maji ya josho yalipochakaa tuliyamwaga wapi? Pembeni. Shimo la pembeni, au bondeni tu. Majani yakaota hapo, mbuzi wakala. Na si majosho peke yake. Wenzetu wa Pwani wanakumbuka Vikuge, karibu na Kibaha, ambako mwaka 1986 ziliteremshwa tani zipatazo 170 za viuatilifu vya msaada, sehemu yake vikiwa tayari vimepitwa na wakati, vikawekwa bandani hadi banda likaanguka. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walirudi pale miaka mingi baadaye, hata baada ya usafishaji, na kukuta udongo bado una DDT kwa wingi.

Kuhusu DDT yenyewe, Paul Müller alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1948 kwa kugundua uwezo wake wa kuua wadudu, na iliokoa watu wengi dhidi ya malaria; sitakuwa mtu wa kuyafuta hayo. Lakini tazameni kilichokuja kuonekana baadaye. Mwaka 2014 Michele La Merrill na wenzake wa California walionyesha kwamba panya jike waliofikiwa na DDT wakiwa tumboni na siku chache baada ya kuzaliwa, walipokua walikuwa na mwili wenye joto pungufu na uliounguza nishati kidogo. Kupewa sumu kulikuwa kumekoma zamani. Alama yake ilibaki kwenye moto wa mwili. Na kule Oakland, California, ambako damu ya akina mama wajawazito ilihifadhiwa kati ya mwaka 1959 na 1967, watafiti wamefuatilia hadi kwa wajukuu. Matokeo waliyoyatoa mwaka 2021 ni kwamba bibi wa uzito wa kawaida aliyekuwa na DDT nyingi zaidi kwenye damu, mjukuu wake wa kike alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na unene uliopita kiasi. Bibi, mama, mjukuu. Nasoma hivyo namkumbuka yule mkaza mwana mlangoni.

Mtaniuliza, basi tuache kuogesha? Hapana. Nimezika ndama wengi sana wa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe; nimewaona wanavyohema, tezi zimevimba chini ya masikio, na mama amesimama maziwa yanamdondoka. Josho lenye maji, lenye dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, ndilo linalomzuia mzee yule asiende kununua dawa ya nyanya. Josho bovu ndilo lililomtuma dukani. Na tunayo chanjo ya ndigana kali, ile iliyotokana na kazi ya watafiti wa Muguga nchini Kenya, ambayo wafugaji wa Kimasai wa kaskazini wameikubali kwa fedha zao wenyewe. Ng'ombe aliyechanjwa hahitaji kupulizwa mara kwa mara kama asiyechanjwa. Kila bomba ambalo halikupulizwa ni shahamu iliyobaki safi.

Kwa hiyo maombi yangu ni haya. Kwanza, klorpirifosi. Umoja wa Ulaya uliiondoa mwaka 2020. Mwaka 2025, mjini Geneva, nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm ziliiingiza kwenye orodha ya sumu za kukomeshwa, kukiwa na misamaha kwa matumizi kadhaa. Tanzania ni mwanachama. Nawaomba msiutumie msamaha huo kama mlango wa kuingiza kilichokataliwa kwingine. Na wakati inaondolewa, isiuzwe mnadani kwenye duka linalouza pia dawa za mifugo. Mfugaji mwenye haraka hatofautishi chupa mbili zinazofanana zilizosimama rafu moja, hasa kama zote zinazungumza Kiingereza.

Ombi langu kubwa ni la machinjioni. Machinjio ya Vingunguti, Arusha na Dodoma huchinja kila siku ya Mungu, na kila mnyama anayepita pale amebeba kumbukumbu ya dawa zake kwenye shahamu. Chukueni kipande cha mafuta ya figo. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba kinatosha, kwenye chupa safi, chenye namba ya mnyama na wilaya alikotoka. Codex Alimentarius, ambayo nchi yetu inaifuata kwenye viwango vya chakula, inazitambua sumu zinazopenda mafuta na inaelekeza zipimwe kwenye mafuta. Nasi tuzoee kupima hapo. Chukueni kwa msimu: wakati wa masika mnyama akiwa amenona, na Oktoba akiwa amekonda. Vipimo viwili hivyo vikilinganishwa vitaanza kuwaonyesha sumu inavyosogea shahamu inapoyeyuka. Matokeo yabandikwe pale pale machinjioni, kwa Kiswahili, mchinjaji na mwenye bucha wasome.

Na kwenye chupa, andikeni siku za kungoja kabla ya kuchinja na kabla ya kukamua kwa tarakimu kubwa kama za tarehe ya kalenda. Mzee asiyejua kusoma anajua namba. Wengi wanazijua namba za sikio za ng'ombe mia bila daftari.

Wenzangu mliobaki kazini, ninyi nawaomba jambo dogo lililo mikononi mwenu bila kusubiri waraka. Chukueni rula, choreni safu moja zaidi kwenye fomu ya mwezi. Andikeni juu yake "mafuta". Mnyama aliyetibiwa sumu akachinjwa, andikeni shahamu yake ilikwenda wapi: imefukiwa, imeuzwa, imeyeyushwa, imepewa nani. Kama hamjui, rudini bomani mkaulize.

Mimi ninayo madaftari yangu tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nimeandika humo majosho 11 ya huku, mwaka ambao kila moja lilijazwa, dawa iliyotumika, na mahali maji machafu yalikomwagwa, kwa kuwa wengi wa tuliofanya kazi hiyo pamoja wameshatangulia mbele ya haki. Manne kati ya hayo hayaonekani tena. Juu ya mengine kuna mashamba ya mahindi, na juu ya jingine watoto wanachezea mpira. Naweza kusimama juu ya kila moja na kuonyesha kwa fimbo. Mkiamua kuja kuchukua udongo na mafuta, njooni kabla ya mvua za vuli, wakati gari linapita hadi mwisho. Mkifika mjini Kibaya ulizeni bwana mifugo mstaafu mwenye ng'ombe wawili weupe. Mtaonyeshwa.

Wenu katika kazi,
Afisa mifugo mstaafu, Kiteto